Kurasa Kumi na Sita za Kitabu cha Tano

Jina langu la shule ni Debottam Kundu, lakini ukija mtaani kwetu Tentultala ukaulize Debottam, hata mama yangu atafikiri kidogo kabla ya kujibu. Watu wote wa mji wetu wa Krishnanagar, huko Bengali, wanaonijua wananiita Ghontu. Shule nimemaliza mwaka huu, kazi bado sijapata, na kukaa kimya sijui. Kwa hiyo ngoja niwaambie mambo yaliyonikuta nikiwa darasa la saba.

Majira ya baridi yalikuwa na ratiba yake. Saa kumi unatoka shule. Saa kumi na dakika tano begi limetupwa kitandani, wewe uko uwanjani na gongo la kriketi. Saa kumi na moja ukungu unashuka, mpira hauonekani tena, basi mnahamia maktaba ya mtaa mkiwa na jasho na vumbi, na Mzee Haldar anawapigia kelele mlangoni mkanawe mikono kwanza. Mzee Haldar alikuwa katibu wa maktaba. Alivaa kofia ya sufu iliyofunika kichwa, masikio na kidevu, yakabaki macho tu, na macho yenyewe yalikuwa yanamshuku kila mtu. Ukirudisha kitabu anakigeuza, anakinusa, anakikung'uta kama anatafuta kunguni.

Kila mwezi wa kwanza maktaba yetu ilikuwa na jambo lake kubwa, Vitabu Vitano vya Mwaka. Dada Kakoli, mwalimu wa shule ya wasichana aliyekuwa akijitolea pale jioni, alileta vitabu vitano vipya, vyote vimetoka mwaka ule uliokwisha, kila kimoja cha aina yake. Mwaka ule kulikuwa na cha mashairi, cha safari ya baiskeli hadi milima ya Ladakh, cha nyoka wa Bengali, cha hadithi za mizimu, na cha upelelezi kilichoitwa Funguo Tatu za Kurseong. Watoto wanne walichaguliwa wavisome vyote, halafu waamue kipi kiwe cha kwanza na kipi cha mwisho. Orodha iliandikwa kwa rangi kwenye ubao na kutundikwa siku ya Saraswati Puja, sikukuu ya mungu wetu wa elimu.

Msione ni jambo dogo. Wazazi walikuja na kalamu kunakili ule ubao. Mwenye duka la vitabu pale stesheni aliagiza mzigo wake kwa kuutazama. Na wale watoto wanne, mwaka mzima, kila kitabu kipya kikiingia wao ndio wa kwanza kukishika.

Mwaka ule wanne walikuwa mimi, rafiki yangu Bapan mwenye mdomo mkubwa kuliko kichwa, Mou aliyekuwa wa kwanza darasani kila muhula, na Shiuli Patra. Huyu Shiuli alikuwa mgeni. Alihamia kutoka Kolkata na mama yake miezi sita nyuma, wakapanga chumba nyuma ya kiwanda cha barafu. Hakucheza na mtu. Akikaa maktaba, anakaa kona ya mwisho, anasoma huku midomo yake ikicheza.

Kila kitabu kilikuwa nakala moja tu, kwa hiyo tulipokezana. Ukimaliza, unaandika maoni kwenye daftari la wasomaji, na chini yake unatia sahihi mbele ya maneno haya: Nimesoma mwanzo hadi mwisho. Cha upelelezi nilianza mimi, akafuata Bapan, akaja Mou, wa mwisho Shiuli.

Siku kumi kabla ya sikukuu, tuko maktaba tunagombania gazeti la michezo, Shiuli akasimama mbele ya meza ya Mzee Haldar na kile kitabu mkononi.

"Mzee, hiki kina kasoro. Kutoka ukurasa wa mia arobaini na nne kinaruka hadi mia sitini na moja. Kurasa kumi na sita hazipo."

Mzee Haldar alikichukua kitabu, akalamba kidole, akafunua. Akafunua tena. Halafu akavuta daftari la wasomaji.

"Ghontu! Njoo hapa. Hii sahihi ni yako?"

"Ndiyo, Mzee."

"Umesoma mwanzo hadi mwisho?"

"Ndiyo, Mzee."

"Ulipokisoma wewe, hizi kurasa zilikuwepo?"

Hapa nataka niwaambie ukweli, maana siku ile sikuusema. Kile kitabu nilikuwa nimesoma kurasa arobaini za mwanzo na ukurasa mmoja wa mwisho. Kilikuwa na kurasa mia mbili sabini na mbili, na tulikuwa na mashindano ya kriketi na mtaa wa Nediarpara. Ila kwenye jalada kulikuwa na picha ya mto, basi kwenye daftari nikajitungia: "Sehemu ya kufukuzana kwa mtumbwi inasisimua sana." Nikatia sahihi. Sasa Mzee ananitazama, watu wote wananitazama.

"Zilikuwepo," nikasema.

"Bapan?"

"Zilikuwepo zote, Mzee! Nilizihesabu mwenyewe," akasema Bapan. Nani anahesabu kurasa? Lakini ndivyo alivyosema.

"Mou?"

Mou alitingisha kichwa kukubali, bila kuinua macho.

Mzee Haldar akamgeukia Shiuli. "Watatu wamesoma mpaka mwisho, na sahihi hizi hapa. Kimefika kwako, kurasa zimeota mbawa. Binti, umezipeleka wapi?"

"Sijazikata, Mzee. Hazikuwekwa tangu kitabu kinatengenezwa."

"Ahaa! Yaani wenzako hawa watatu wamesoma kurasa ambazo hazikuwekwa?"

Wenzangu wakacheka. Mimi pia nilicheka. Shiuli aligeuka akanitazama mimi, sekunde moja tu, halafu akatazama sakafu.

"Jumamosi jioni," Mzee akasema, "ama kurasa ziwe mezani hapa, ama kadi yako inafutwa na jina lako linaandikwa kwenye ubao wa mlangoni. Mharibifu wa vitabu haingii humu mwaka mzima."

Dada Kakoli hakuwepo siku ile, alikuwa mji wa Kalyani kwenye harusi ya mdogo wake. Angekuwepo labda mambo yangekwenda vingine. Sijui.

Nikiwa njiani kurudi nyumbani nilijipa moyo. Nilijiambia, huyu mgeni kazikata tu, nani mwingine? Kwanza hasemi na watu. Mtu asiyesema ana jambo. Pili, kwa nini alinitazama vile? Lakini kila nilipomshuku Shiuli, shaka ilinirudia mwenyewe kama mpira uliogonga ukuta. Kama kurasa zilikatwa, zilikatwa lini? Nilipokuwa nacho mimi zilikuwepo? Sikujua! Na kama si Shiuli? Bapan alishawahi kuchana picha ya mchezaji kriketi kwenye gazeti la maktaba, nilimwona kwa macho yangu. Na Mou alitingisha tu kichwa. Kwa nini hakufungua mdomo?

Kesho yake nikamvizia Bapan kwenye kibanda cha vitafunio. Alikuwa anatafuna bisi za mchele na pilipili mbichi.

"Bapan, niambie ukweli. Wewe ndiye umekata?"

"Mimi? Kichaa wewe! Nikate ili iweje?"

"Kitabu umekisoma kweli?"

"Wee! Sehemu gani unataka nikusimulie? Ile ya mtumbwi? Aisee, wanavyofukuzana usiku mtoni, nywele zilinisimama, we acha tu."

Mtumbwi ule niliutunga mimi.

Jioni nikaomba daftari kwa Mzee, nikajifanya nataka kurekebisha maoni yangu. Chini ya maoni yangu, kwa mwandiko wa Bapan: "Kufukuzana kwa mtumbwi ni kukali kupita kiasi." Chini yake, kwa mwandiko mzuri wa Mou: "Mtumbwi ulipopinduka nililia." Ulipopinduka! Mimi hata sikuupindua. Mou, wa kwanza darasani, kaupindua mwenyewe na akaulilia.

Kisha maoni ya Shiuli, mistari mitatu: "Mpelelezi anapendeza kwa sababu anakosea. Sura ya tisa sijui inaishaje kwa sababu kurasa hazipo. Sijatia sahihi." Na kweli, pale pa sahihi palikuwa patupu.

Nilifunga daftari taratibu. Sasa nilimshuku kila mtu. Watu watatu tumeapa kwamba kurasa zilikuwepo, na hakuna hata mmoja aliyefika huko. Lakini bado, nikajiambia, hiyo haimaanishi Shiuli hajakata. Nilikuwa nataka sana awe amekata. Kama ni yeye, uongo wangu ungebaki kuwa kitu kidogo.

Bapan ndiye aliyeleta habari Alhamisi. "Ghontu, nimesikia kwa muuza maziwa. Nyumbani kwa Shiuli kumejaa kurasa. Marundo! Na visu vya kukatia karatasi. Twende tukawashike."

Tulikwenda moja kwa moja kutoka shule, tukazunguka kiwanda cha barafu, tukajibanza chini ya mkunazi uliokuwa kando ya dirisha lao. Nikachungulia. Jamani! Chumba kizima karatasi zilizochapwa, zimepangwa kutoka sakafuni hadi kiunoni. Katikati amekaa mwanamke mwembamba, shali mabegani, mkononi ana kitu kama kisu butu cha mti, anakunja karatasi haraka kuliko jicho langu. Kando yake kisu cha kweli, kinang'aa.

"Si nilikwambia?" Bapan akaninong'oneza. "Genge hili."

"Nani hapo? Mnaiba kunazi?" sauti ya yule mwanamke ikatoka. "Sikukuu bado, nyie watoto! Mkila kunazi kabla ya Saraswati Puja mtafeli hesabu, shauri yenu!"

Bapan alitimua mbio, kandambili moja ikabaki. Mimi mguu ulinasa kwenye mizizi, na nilipoinuka Mama Shiuli alikuwa ameshatoka nje, amenishika sikio, ila si kwa ukali.

"Mtoto wa nani wewe?"

"Wa Kundu wa duka la dawa. Nasoma maktaba moja na Shiuli."

"Rafiki wa Shiuli!" Uso wake ulichanua mpaka nikaona aibu. "Hajawahi kuja rafiki hata mmoja. Ingia, ingia. Shiuli kaenda bombani. Kaa hapo, usikanyage maandishi."

Akanipa bisi za mchele na kipande cha sukari ya mtende, ile mpya ya majira ya baridi inayonukia moshi. Nilikula huku macho yangu yakipekua marundo, nikitafuta ukurasa wa mia arobaini na tano. Shaka haishibi.

"Shangazi, hizi karatasi ni za nini?"

"Za vitabu, mwanangu. Viwanda vya Kolkata vinachapa, gari la mizigo linaleta, mimi nakunja, nashona, narudisha. Tazama." Akatandaza karatasi moja kubwa kama shuka ya mtoto. Kurasa zilikuwa zimechapwa hovyo, nyingine kichwa chini. Akakunja mara moja, mbili, tatu, akapitisha kisu pembeni, na kile kipande kikawa kijitabu, kurasa moja hadi kumi na sita, zote zimekaa sawa. "Hii inaitwa forma. Karatasi moja, kurasa kumi na sita. Kitabu ni forma zilizopangwa na kushonwa pamoja."

Kumi na sita. Nikaiweka sukari chini.

"Na ukisahau moja?"

"Hutokea. Mikono ikichoka, unaruka forma nzima. Ndiyo maana kuna namba." Akanionyesha chini kabisa ya ukurasa wa kwanza wa kila forma, namba ndogo kama punje ya ufuta. "Moja, mbili, tatu. Ukiona tisa halafu kumi na moja, mshonaji alisinzia."

"Na mtu akizikata mwenyewe baadaye, utajuaje?"

"Ah, hilo hata kipofu anajua. Ukikata, vishina vya karatasi vinabaki. Ukinyofoa forma nzima, uzi unaning'inia na gundi ya mgongoni inapasuka. Kwa nini? Unataka kazi?" Akacheka.

Kwa hiyo hakuwa anajua lolote. Binti yake ana siku mbili za kufukuzwa maktaba, na mama anacheka na mmoja wa waliomtia matatani.

Mlango ulifunguliwa. Shiuli aliingia na ndoo, akaniona, akaitua ndoo polepole.

"Mama, Bi Chhaya wa jirani anakuita." Mama alipotoka, Shiuli alinisogelea. "Umekuja kupeleleza."

"Hapana. Mimi..."

"Ukimwambia Mama nitakung'oa meno yote. Yeye ndiye aliyeniombea ile kadi. Alimwambia Mzee Haldar, binti yangu hachafui kitabu, mimi nathibitisha. Akisikia haya atalia wiki nzima."

"Kwa nini hukumwambia Mzee kuhusu forma na namba?"

"Si nilimwambia hazikuwekwa? Mlicheka." Akavuta rundo la karatasi zilizochapwa akaliweka mbele yangu. "Haya. Weka mkono hapa, useme umesoma Funguo Tatu za Kurseong mwanzo hadi mwisho."

Watoto wa kwetu tunaweza kumdanganya mama, mwalimu, hata polisi. Lakini hatukanyagi maandishi, na tukikanyaga kwa bahati mbaya tunayagusa na kujigusa paji la uso kuomba radhi. Mkono ukiwa juu ya maandishi, ulimi unakuwa mzito. Nilinyoosha mkono, nikaurudisha mfukoni.

"Nilijua," akasema. "Kitabu chote kinatokea mlimani. Hakuna mtumbwi hata mmoja."

"Kama ulijua, kwa nini hukusema mbele ya Mzee?"

"Nyinyi watatu na sahihi zenu. Mimi mgeni, mmoja. Angemwamini nani?"

Nilikunywa maji, nikaaga, nikaokota kandambili ya Bapan nje.

Ijumaa sikucheza kriketi. Nilikaa juu ya ukuta wa uwanja nikipiga hesabu za kijanja. Nitamwokoa Shiuli, lakini mimi nisiguswe. Nitamwonyesha Mzee zile namba ndogo, atashangaa, atasema kumbe, mambo yamekwisha. Nitaonekana hata mpelelezi.

Jumamosi jioni maktaba ilijaa kuliko siku ya kutazama fainali ya kriketi kwenye televisheni. Dada Kakoli alikuwa amerudi, amekaa kando na mikono yake imefungana, amesimuliwa upande mmoja tu. Mzee Haldar alikuwa na chaki mkononi. Shiuli alisimama mbele ya meza na kadi yake imelala mezani.

"Kurasa?" Mzee akauliza.

"Sina, Mzee."

Mzee akanyanyuka kwenda kwenye ubao wa mlangoni. Akaandika herufi ya kwanza ya jina la Shiuli. Nikasikia sauti, kumbe ni yangu.

"Mzee, subiri! Angalia namba chini ya kurasa!"

Nikakimbilia meza, nikafungua kitabu. Nikamwonyesha tisa, chini ya ukurasa wa mia ishirini na tisa. Nikafunua. Baada ya mia arobaini na nne, mia sitini na moja, na chini yake kumi na moja. Kumi haipo. Nikaonyesha uzi, umekazwa. Nikaonyesha mgongo, gundi imejaa, hakuna kishina hata kimoja. Nikaeleza forma, kama Mama Shiuli alivyonieleza.

Dada Kakoli alisimama akaja kutazama. Akapitisha ukucha mgongoni mwa kitabu. "Ni kweli. Hiki kimetoka kiwandani hivi. Hakuna aliyekata."

Watu wakaanza kunong'ona. Nikashusha pumzi. Nikadhani nimepona.

Mzee Haldar hakurudi kwenye kiti. Alisimama pale pale na chaki yake, akanitazama kwa yale macho.

"Sawa. Hazikuwepo tangu kiwandani. Lakini wewe, Ghontu, uliniambia kwa mdomo wako kwamba zilikuwepo. Ulisoma nini basi?"

Hesabu zangu zote za ukutani zikaanguka. Nikamtazama Bapan. Alikuwa anasoma dari. Nikamtazama Mou, yuko mweupe kama chaki ya Mzee. Ningeweza kusema nimesahau. Ningeweza kusema niliruka bila kujua. Maneno yalikuwa tayari mdomoni, yote mazuri. Halafu nikaona ile herufi moja kwenye ubao, bado haijafutwa.

"Sikukisoma, Mzee. Nilisoma kurasa arobaini. Mtumbwi niliutunga kwa sababu ya picha ya jalada. Nilipoona Shiuli anashukiwa, nikaona afadhali awe yeye."

Aliyenifuata ni Mou. Alianza kulia kwa sauti, akasema yeye pia, alikuwa na mtihani wa Kiingereza, alidhani kama Ghontu na Bapan wameona mtumbwi basi upo. Bapan akaona amebaki peke yake.

"Mimi nilisoma nusu," akasema. "Robo. Lakini ule mtumbwi, Mzee, nilikuwa nauona kabisa."

Watu walicheka, hata Mzee mdomo ulimcheza ndani ya kofia. Dada Kakoli hakucheka.

Mzee Haldar alifuta ubao kwa kiganja chake, si kwa kitambaa. Akachukua kadi ya Shiuli, akaipangusa kwenye sweta lake, akamkabidhi kwa mikono miwili. "Nimekukosea, binti yangu. Uliniambia ukweli siku ya kwanza, mimi nikahesabu sahihi." Mzee wa miaka sabini anamwambia hivyo mtoto wa darasa la saba, mbele ya mtaa mzima.

Sisi watatu tulitolewa. Mwaka mzima hatukugusa kitabu kipya. Kazi tuliyopewa ni kuvisha vitabu vya maktaba majalada ya karatasi za kalenda kuukuu, kila Jumapili, chini ya usimamizi wa Mama Shiuli, ambaye siku hiyo hiyo Mzee alimpa kazi ya kushona vitabu vyote vilivyochakaa. Alinivuta sikio tena, safari hii kwa ukali.

Orodha akaachiwa Shiuli peke yake. Aliweka cha safari ya baiskeli kwanza, cha nyoka cha pili, cha mashairi cha tatu, cha mizimu cha nne. Dada Kakoli akamwuliza, "Na Funguo Tatu? Si umesema mpelelezi wake anapendeza?"

"Anapendeza, Dada. Lakini kurasa kumi na sita sijazisoma. Siwezi kukipa nafasi."

"Ya mwisho basi."

"Hata ya mwisho ni nafasi."

Kiwanda kilichochapa kitabu kiliandikiwa barua kilete nakala nzima, lakini haikufika kwa wakati. Asubuhi ya Saraswati Puja, watoto tumevaa njano, vitabu vyetu tumevipanga miguuni pa mungu, ubao ukatundikwa. Mistari minne ya rangi nyekundu. Wa tano ulikuwa na namba tu, mbele yake patupu.

Watu walikuja na kalamu zao, wakasimama. "Mwaka huu mbona vinne?" mwenye duka la stesheni akauliza. "Mwalimu, rangi ilikwisha?"

Dada Kakoli alitugeukia sisi watoto badala ya kumjibu yeye.

"Wanangu, miaka yote ubao huu ulikuwa na mistari mitano, na sasa sina hakika ni mingapi ilikuwa ya kweli. Mzazi anayenakili hapa anamnunulia mwanawe kitabu kwa sababu ameamini kuna mtoto aliyekisoma. Ukitia sahihi juu ya kitu usichokifanya, si wewe tu unayedanganya. Mwenzako ataujenga wake juu ya uongo wako, na wa tatu juu yao, na atakapokuja mtu mmoja na ukweli ataonekana yeye ndiye mwizi. Kutosoma kitabu si kosa, sema tu hujasoma. Na kabla hujamnyooshea mtu kidole, jiulize kwanza wewe mwenyewe unajua nini, na nini unakisia." Akaonyesha ule mstari mtupu. "Kwangu mimi huu ndio mstari wa kuaminika kuliko yote niliyowahi kuandika hapa."

Mwenye duka alikuna kichwa. Halafu akainama kwenye karatasi yake, akanakili mistari minne, akaandika na namba tano, na mbele yake akaacha wazi.